Uso Tuliokwenda Kuutafuta Vienna

Watu wakisikia kwamba niliwahi kukaa Vienna majuma mawili na kuyazunguka makumbusho yake, huniuliza niliona nini. Nikiwajibu kwamba niliona nyuso, wanadhani naringa, wanahamia mazungumzo mengine. Nami huwaacha. Kuieleza safari ile vizuri kunataka nianze mbali, kwenye miaka ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na si kila anayeuliza ana muda wa kufika huko. Leo ninao mimi, basi nikalishe mtu kitako.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa upande wa Butiama, kwa watu wa mihogo na ng'ombe. Mume alifariki mapema. Akarudi nyumbani kwetu kijijini, kwenye rasi ya ziwa nje ya Musoma, na binti mmoja mgongoni. Binti huyo nilimzidi umri kidogo tu. Tulilala kitanda kimoja, tulichota maji pamoja, na kila siku ya Mungu tulipigana. Nikisema mdogo wangu humu, ndiye huyo, ingawa hatukutoka tumbo moja.

Ilikuwa miaka ya shida, na waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, mizani, na mwenye duka anayepiga miayo. Sukari tuliisikia kwa wenzetu. Ngozi zilikauka tukapaka mafuta ya samaki, tukaingia darasani tukinuka wote sawa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Mimi naikumbuka miaka hiyo kwa mapenzi, na nikisema hivyo mama hukasirika. "Wewe ulikuwa mtoto," huniambia, "shida ilikuwaga ya kwetu." Ni kweli. Mimi nilibakiwa na sato wa kuchoma tuliyemla bila chumvi juu ya majabali, na mdogo wangu akinichekesha makusudi ili nikwamwe na mwiba yeye amalize kichwa.

Mwaka mmoja katika hiyo alikuja mgeni. Dispensari ya misheni ilikuwa na muuguzi mzungu, na huyo mgeni alikuwa dada yake, amekuja kumtembelea. Alivaa kofia pana kama ungo, na kijiji kizima kikamwita kwa kofia hiyo. Jina lake halisi hakuna aliyejisumbua kulishika. Kazi yake ilikuwa kuchora. Alichora mitumbwi, akachora majabali, kisha akataka mtoto.

Alianza kwa kunichagua mimi. Nilikuwa mkubwa zaidi na, nalisema mwenyewe kwa kuwa wa kulisema hayupo, ndiye niliyekuwa na sura. Tatizo lilikuwa kutulia. Mimi nitulie? Nilijikuna, nikageuka kutazama ndege, nikauliza kama amemaliza. Siku ya pili akanitoa, akamkalisha mdogo wangu juu ya jabali, naye akatulia kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo, asubuhi kwa asubuhi, kwa malipo ya pipi. Nilinuna. Nilienda zangu kucheza upande wa pili wa kijiji na picha ile sikuiona hata siku moja. Shangazi ndiye aliyeiona ilipokwisha. Alirudi nyumbani akasema uso ulikuwa wenyewe, ungeusalimia ukangoja jibu. Akasema pia kwamba yule mama, kwa kinywa cha dada yake muuguzi, ameahidi kuipeleka kwao Vienna, kwenye jumba la picha, watu wote waje wamwone mtoto.

Mvua za masika zilipoanza, mdogo wangu akashikwa na homa. Dispensari haikuwa na hata klorokwini wakati huo. Baba alimpakia kwenye baiskeli, shangazi akimshikilia kwa nyuma, wakaelekea Musoma mjini. Walirudi wakiisukuma baiskeli kwa miguu, na bibi alipowaona kwa mbali akaweka chini ungo wa mtama akaanza kulia. Mimi nililala peke yangu kitandani nikaona kitanda ni kikubwa mno.

Sasa hapa kuna jambo letu ambalo lazima nilieleze. Kwetu, mtoto akifa, hatajwi mbele ya mama yake. Si amri ya kanisa, wala hakuna aliyeiandika popote. Ni desturi tu. Msiba ulipokwisha bibi alitukusanya watoto wote nyuma ya jiko akatuambia kwamba jina la mwenzetu tusilitamke tena ndani ya ua ule, tusisimulie vituko vyake, tusiimbe nyimbo zake, na mtu akilazimika sana aseme "yule". Kila utakapomtaja, alisema, unamrudisha mama yake makaburini. Tulitii. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sisi watoto tulijua tu kwamba hatutaki kuusababisha. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa na makelele kuliko wote akageuka kimya, na kimya hicho tukakizoea, tukakipikia, tukakilia chakula pembeni.

Picha yake nyingine haikuwepo. Mjini palikuwa na studio, fundi alikuwepo na kamera alikuwa nayo, kilichokosekana ni filamu. Alikuwa akikaa mlangoni pake akicheza bao.

Halafu milango ya nchi ikafunguliwa. Nasema hivi kama mtu aliyeifungua ni jirani, maana ndivyo ilivyotujia, ghafla tu siku moja pale soko la Mwigobero kuna mabeseni ya plastiki ya kila rangi, kuna mitumba, kuna sabuni za kunukia mpaka unapiga chafya. Sangara walianza kwenda viwandani, minofu ikasafirishwa, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Fundi wa studio akapata filamu za rangi na akachoresha ukutani ndege inayopaa, watu wakawa wanapanga foleni kupigwa picha mbele yake. Kila mtoto wa Musoma alipigwa picha miaka ile. Nilikuwa nikimwona shangazi akipita mbele ya studio hiyo, akitazama nyuso zilizobandikwa kwenye kioo, na nilidhani anatazama nguo.

Nilimaliza sekondari Bunda, nikarudi nyumbani na Kiingereza changu ambacho hakikuwa na wa kuzungumza naye. Familia ilikuwa imehamia Nyakato, hapohapo Musoma mjini. Shangazi alikuwa akiuza dagaa Mwigobero, na Jumapili tuliimba kwaya moja, yeye sauti ya pili, mimi ya kwanza. Parokia moja ya Vienna ilikuwa na urafiki na parokia yetu, wakatualika tukaimbe. Siku mwalimu wa kwaya alipotangaza jina la mji, watu walipiga vigelegele. Shangazi alikaa. Wengine walipokuwa wakiuliza habari za baridi na makoti, yeye akauliza kama majumba ya picha ya huko huwa wazi siku za kazi. Mwalimu akacheka, akamwambia mama, wewe unakwenda kuimba.

Kesho yake asubuhi tukiwa njiani kuelekea Mwigobero, yeye na ndoo yake kichwani, akaniambia bila kunitazama, "Mtoto wangu yuko kule."

Nilisimama. Tangu siku ile ya nyuma ya jiko sikuwahi kumsikia akisema neno "mtoto wangu".

"Nimeanza kumsahau uso," akasema. "Nikifumba macho naona gauni. Mikono naiona. Uso hauji. Nikienda nikamwona mara moja tu, nitarudi naye."

Nilimtua ndoo, nikaibeba mimi mpaka sokoni, na hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu.

Vienna tuliimba mwishoni mwa juma, siku nyingine wenyeji wetu wakatutembeza. Walikuwa watu wema, wametuandalia tiketi, na walitaka tuone kila kitu. Tulianzia jumba la wanyama waliokaushwa. Bwana mmoja wa sauti ya nne alisimama mbele ya mamba akasema huyu ni mdogo, huyu kwetu bado anafukuza vyura. Tulipelekwa jumba la vitu vya mataifa, tukakuta ndani ya kioo jembe, kibuyu na kigoda kama alichokuwa akikalia babu. Wenzangu walifurahi sana, wakaonyeshana, wakabishana kibuyu kile cha maziwa au cha pombe. Mwenyeji wetu alisubiri kuona kama tutahuzunika, nami nilihuzunika kidogo kwa kumridhisha. Shangazi alipita pale kama anapita kwa jirani. "Jembe nalijua," akasema. "Picha ziko wapi?"

Picha zilikuwa kwenye jumba lenye ngazi za marumaru na dari iliyopakwa dhahabu, na tulipoingia ndipo nilipopata wazo la ukubwa wa kazi. Chumba kinafungua chumba, hicho kinafungua kingine. Na katika kila chumba, pembeni, amekaa mlinzi kwenye kiti, mwanamume au mwanamke wa makamo, wengine wazee kabisa. Kwetu hupiti mbele ya mtu mzima aliyekaa bila kumsalimu. Shangazi basi alikuwa akiingia chumba, anamtafuta mlinzi kwanza, anapiga goti kidogo, anamwamkia, anasubiri. Walinzi wa mwanzo walishtuka. Mmoja alisimama akidhani ameanguka. Nikamnong'oneza shangazi kwamba huku hawaamkiani, akanijibu kwamba nyumba ni ya watu na wenyewe ndio hao wamekaa. Niliacha. Siku ya tatu walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kuinamisha vichwa, na mzee mmoja mwenye masharubu meupe akawa anainuka kabisa kitini.

Baada ya salamu ndipo anaanza. Alikuwa akitafuta watoto. Wafalme, malaika, vita, bakuli za matunda, vyote alivipita. Palipo na mtoto anasimama. Watoto wa kizungu wenye kola za lesi, watoto walioshikilia ndege, watoto wanene wenye nyuso za wazee, alimtazama kila mmoja usoni mpaka amalize, kisha anakwenda kwa mwingine. Katika baadhi ya picha, nyuma kabisa gizani, kulikuwa na mtu mweusi mmoja, ameshika sinia au kamba ya farasi. Hapo alikuwa akisogea haraka, karibu mpaka mlinzi anakohoa, kisha anarudi nyuma taratibu. "Siyo," anasema.

Nilichoka, nisidanganye. Miguu ilivimba. Wenzetu walishaacha kuja, wako madukani wananunua saa na sweta, na mwalimu wa kwaya aliniuliza kama shangazi yangu ana miguu ya punda. Tulimaliza jumba hilo tukahamia la picha za watu wa karibuni, ambako mtu alikuwa na macho mawili upande mmoja, na shangazi akasema aliyechora hivi hakuwa na mtoto. Tukaenda jengo dogo kando ya bustani, halafu jingine. Siku ya mwisho ya kazi kabla ya kuondoka, akataka turudi lile kubwa la kwanza. Labda tumeruka chumba, alisema.

Kuuliza si ujinga. Nilimwacha kwenye ngazi nikaenda kwa mama wa mapokezi, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha Bunda. Alinisikiliza vizuri. Akaniuliza jina la mchoraji. Nikamwambia alikuwa na kofia pana. Akaniuliza mwaka, nikamwambia ni miaka ambayo hapakuwa na sabuni. Sikuwa namfanyia mzaha, ndiyo tarehe niliyokuwa nayo. Na dada yake muuguzi je, akauliza. Aliondoka kwetu zamani, na hata kwenye parokia iliyotualika hakuna aliyemjua. Yule mama akavua miwani. Akanieleza kwa upole kwamba wachoraji mjini ni wengi, kwamba wengi wao picha zao huzitundika sebuleni kwao au huwauzia marafiki, na kwamba humu ndani wamo wa zamani tu, waliokufa karne na karne. Picha yenu, akasema, haijawahi kuwa hapa. Samahani sana.

Nilipanda ngazi polepole nikijua nimebeba nini. Shangazi alikuwa amesimama palepale, mkoba kifuani. Nikamtafsiria neno kwa neno, maana kama ningepunguza angejua.

"Kwa hiyo mtu akifa ndipo wanamweka humu," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Wangu naye alikufa."

Nilikasirika, na hasira yangu haikujua pa kutua. Nilimkasirikia mama wa kofia kwa kuahidi kirahisi jambo ambalo mwenzake atalala nalo miaka yote hiyo, nikaikasirikia dispensari, baiskeli, fundi na bao lake. Shangazi akaniacha na hasira zangu akaingia chumba cha karibu. Yule mzee wa masharubu alikuwa zamu. Akainuka, shangazi akamwamkia kama kawaida, kisha akaenda kukaa kwenye benchi katikati ya chumba. Mbele yake palikuwa na picha ya msichana mdogo, amekaa, mikono mapajani.

"Wameandika nini hapo?"

Nikasoma. "Wameandika msichana."

"Wa nani?"

"Wanasema hawajui."

Alimtazama msichana yule muda mrefu. Halafu akagonga benchi kwa kiganja, nikakaa. Akaniambia, kwa lugha yetu ya nyumbani na kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba chumvi, "Wewe ulilala naye. Alikuwaga na uso gani?"

Niliangalia nyuma. Nilikuwa mtu mzima, bibi alishalala udongoni, na bado niliangalia nyuma kama atanitokea mlangoni na mwiko wake. Nilikuwa nimefunzwa kunyamaza kwa ajili ya mama huyuhuyu, na sasa yeye mwenyewe ndiye ananiomba. Nikajua kwamba siku zote tulipokuwa tukimwonea huruma kwa kunyamaza, hakuwa na wa kumsaidia kukumbuka.

"Paji lake lilikuwa la kutokeza," nikasema. "Tulikuwa tunamtania kwamba mvua ikinyesha pua hailowi."

Shangazi akashusha pumzi. "La baba yake hilo."

"Na hapa juu ya nyusi kovu."

"Ulimsukuma kwenye jabali."

"Alianguka mwenyewe, shangazi."

"Ulimsukuma. Niliona." Na mdomo wake ukaanza kutetemeka, ukaenda kwenye kicheko badala ya kilio. "Nyusi ya kulia."

"Ya kulia. Nyusi zenyewe nyembamba. Macho yalikuwa yameenda juu kidogo huku pembeni, akilala hayafungi sawasawa, nilikuwa nashtuka nadhani ananitazama."

"Toka utotoni alilala hivyo," shangazi akasema. "Toka mchanga. Endelea."

Nikaendelea. Nilikuwa sijui kama ninayo yote yale. Nilidhani nimemsahau kama tulivyoambiwa, kumbe nilikuwa nimelala naye kitandani miaka yote. Sikio moja lilisimama kuliko jingine. Nikasema la kushoto, shangazi akasema la kulia, tukabishana mpaka akashika sikio lake mwenyewe, akafumba macho, akakubali ni la kushoto. Mashavu yalikuwa na nywele laini ambazo jua likipiga zinang'aa. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka wakati ule, hivyo akicheka aliziba kinywa, na akisema uongo aliliramba pengo. Shangazi alikuwa analia sasa bila kujificha, machozi yanaingia kwenye kitambaa alichofunga chini ya kidevu, na katikati ya kulia akalitamka jina. Kwa sauti. Akalirudia, na la pili lilikuwa kama anavyomwita mtu aje ale. Mimi nikamjibu kama mwenyewe alivyokuwa akiitika, kwa uvivu, akiwa mbali, na shangazi akanipiga begani akicheka.

Mzee wa masharubu alikuwa amegeuzia kiti chake upande wa mlango, na watu waliotaka kuingia aliwaelekeza kwa kidole chumba kingine. Kengele ya kufunga ikalia. Akatuacha kidogo, halafu akaja, akainama, akatuonyesha saa yake ya mkononi kwa masikitiko ya kweli. Tulikuwa tumefika kidevuni tu.

Tulitoka tumeshikana mikono. Nje taa zilikuwa zimewaka na wenzetu wanatusubiri kwenye kituo cha tramu na mifuko yao ya madukani. Shangazi hakuwatazama. Kwenye ngazi za chini aliniminya vidole.

"Haya," akasema. "Shingo."